Bunduki ya Sufuria

Kaka yangu Fundi Saa,

Pokea salamu za nyumba nzima, zikianza na za Mama, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha nimeziandika. Anauliza kama kifua chako kimepona, kama unakula ukashiba, na kama zile soksi alizokufumia unazivaa au umezifanya vitambaa vya kusugulia vioo vya saa. Nimemwambia unazivaa. Tafadhali usiniumbue. Sisi huku wazima. Duka langu la vipuri linasonga, maana baiskeli za watu haziachi kuharibika, na mimi siziombei zipone. Baba naye yupo. Karakana yake bado inanuka vanishi na gundi kama ulivyoiacha, isipokuwa magoti yake sasa yamegoma. Akishuka vile vingazi vya mlangoni hushika ukuta, na ukimpa mkono anakutazama kama umemtukana.

Barua yako ilinikuta dukani, nimesimama kati ya minyororo na mipira ya matairi, mteja mbele yangu anasubiri breki. Nikaisoma palepale, mteja akasubiri hadi akaondoka zake. Umeandika kuhusu mambo mengi kwa upole wako wa siku zote, halafu mwishoni, bila hodi, umeniagiza kile kibunduki kidogo nikiuze, au nikirudishe polisi na kibali chake, ilimradi kisiwe tena ndani ya nyumba. Umesema kilimfanya Baba achekwe mpaka akazeeka, na kwamba hukusudii kurudi porini kukitazama, wala nisikuombe tena.

Haya. Kwanza, sijakiuza. Pili, usinune bado. Tumerudi kutoka porini juzi juzi tu, na kuna jambo nimelijua huko ambalo wewe ulipaswa kulijua kabla yangu. Lakini nitalieleza kwa mpangilio wangu mwenyewe, na wewe utavumilia, kwa sababu mimi ndiye mwenye kalamu.

Unakumbuka jinsi Baba Mdogo alivyokuwa akitupimia mizigo? Mtu ameajiriwa kwenye mizani ya malori, basi kazi akaihamishia nyumbani. Kabla ya kila safari ya kuwinda alikuwa akija na ile mizani yake ya kuning'iniza, anapima mablanketi, anapima chumvi, anapima hata vijiko. Aliwahi kukata mpini wa mswaki wake ili upungue uzito, kisha akabeba redio yenye betri kubwa kuliko matofali. Na kila mwaka ugomvi ulikuwa mmoja: kibunduki. Alikuwa akisema kwamba kutembea siku nzima kuingia porini kumfuata tandala, halafu ubebe na bunduki ya kupigia sungura, ni wazimu. Bunduki kubwa inatosha, na kila ratili utailipa kwa jasho ukipanda.

Baba hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa akikifunga kibunduki ndani ya blanketi lake mwenyewe, akakiweka mgongoni, akauliza kama tuko tayari. Siku moja tu alijieleza. Alisema bunduki kubwa ukimpigia kanga nayo utakusanya manyoya, na mlio wake utawafukuza tandala wa bonde zima. Kibunduki kinalia kama mtu aliyevunja kijiti, na jioni watu wanakula. Mama ndiye aliyemaliza kesi. Alisema hiyo kubwa ni ya wanaume kutafutia sifa, na hii ndogo ndiyo bunduki ya sufuria, na kwamba asiyeitaka asiguse nyama yake. Tangu siku hiyo Baba Mdogo alikilaani kibunduki asubuhi, na jioni alikuwa wa kwanza kuomba paja la kanga.

Wewe mwaka wako wa kwanza uliingia porini ukiwa juu ya punda, yule tuliyemwita Mheshimiwa kwa sababu hakuwa na haraka na mtu yeyote. Mguu wako ulikuwa tayari umelemaa kama ulivyo, na Baba Mdogo alikuwa amepiga hesabu kwamba Mheshimiwa anaweza kubeba hema au kukubeba wewe, siyo vyote. Baba akalibeba hema yeye. Nakumbuka nilivyokuonea wivu mchana kutwa. Mimi nilikuwa natembea na malengelenge, na wewe uko juu kama sultani unanitupia maganda ya karanga, ukiniita Kiroboto. Nililia njia nzima, si kwa uchovu, kwa hasira.

Lakini wenzako tulipopanda mlimani kutafuta tandala, wewe ulibaki kambini peke yako na punda. Mwaka ule sikuliwazia hilo hata kidogo. Nilikuwa juu na wakubwa, nimepewa darubini, kichwa kimevimba.

Ndipo ikaja ile sheria. Mwaka uleule, siku ya mwisho, Baba alikosa. Baba yetu! Yule aliyekuwa anapigilia msumari gizani bila kugusa kidole, alifyatua akiwa na haraka, jua liko usoni, na tandala akaenda zake mzima. Baba Mdogo alifurahi kama aliyeokota pesa. Palepale akatunga sheria: atakayekosa, mwaka unaofuata atabeba kibunduki, abaki kambini kulisha wenzake na kumlinda Mheshimiwa, na siku ya mwisho tu ndiyo atapewa bunduki kubwa apande ajikomboe. Akikosa tena, mwaka mwingine tena. Sote tulicheka tukaikubali, na Baba akaikubali pia. Na kwa vile kambini ulikuwa wewe, adhabu ya Baba ikawa kukaa nawe.

Sasa niambie ukweli, Kaka, kwa sababu mimi nilikuwa narudi jioni tu na kuona matokeo. Zile siku zenu mbili mbili pale chini zilikuwaje? Tulikuwa tukirudi tumechoka, midomo imekauka, mikono mitupu, tunasikia mnacheka kabla hatujaona moshi. Sufuria inachemka. Wewe umekaa kwenye lile jiwe bapa, kibunduki mapajani, na kanga wamepangwa miguuni pako. Baba alikuwa amekikata kitako kikawa kifupi ili kikuenee begani ukiwa umekaa. Alikufundisha kulenga kichwa ili nyama isiharibike. Baba Mdogo alikuwa akitafuta tundu la risasi kwenye nyama hadi anakata tamaa, kisha anadai kanga wamekufa kwa kuona sura yako. Hata yeye alijua kwamba kwa kanga na sungura hakuna aliyekufikia.

Na kila mwaka, siku ya mwisho, Baba alipanda kujikomboa, na kila mwaka akakosa. Baba Mdogo akampa jina, Bwana Hewa, kwamba mawindo yake ni hewa tu. Jina likashuka mlimani likaingia mtaani. Wateja wa karakana walilijua. Mtu anakuja kuagiza kabati, anauliza kama Bwana Hewa yupo. Baba alikuwa akiitika. Mimi nilidhani macho yamemchoka, nikawa namwonea huruma, na nikimtania kidogo ili asijue namwonea huruma. Wewe hukutania. Wewe ulikuwa unaumia, na nilikuona.

Mwaka wako wa mwisho naukumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Baba Mdogo, kwa lile domo lake lisilo na breki, alisema tukiwa tunakula kwamba kambi sasa ina vilema wawili, mmoja wa mguu, mmoja wa jicho, na Mheshimiwa ndiye mzima pekee. Yeye aliona ni mzaha. Asubuhi ulimwambia Baba mbele yetu sote kwamba umechoka kutazama akichekwa, kwamba kama hawezi tena kuwinda akae nyumbani na randa yake, kuliko kuja kufanywa mlinzi wa punda pamoja na mtoto wake kiwete. Baba alifunga kamba za mzigo. Baada ya hapo ukaenda mjini kujifunza saa, ukapata kibanda chako, na nyumbani ukija unakuja kwa sikukuu, unakula, unarekebisha saa ya ukutani, unaondoka. Baba hakukulaumu hata siku moja. Ila kila msimu tukifunga mizigo alikuwa anauliza kama kuna barua yako.

Sasa nije kwenye safari ya mwaka huu.

Tulikwenda watatu, Baba, Baba Mdogo na mimi. Mheshimiwa alishakufa zamani, tuna mjukuu wake sasa, naye hana adabu. Kibunduki alikibeba Baba, kama kawaida, kwa kuwa mwaka jana alikosa, kama kawaida. Lakini hali yake, Kaka, usipime. Njia ambayo zamani tuliimaliza kabla jua halijazama, safari hii ilitulaza katikati. Alikataa kupanda punda. Alisema punda ni wa hema. Baba Mdogo, ambaye naye anahema kama mvukuto, alilibeba hema bila kupimiwa wala kusema neno, akampisha Baba punda. Hapo ndipo nilipojua mambo yamekuwa makubwa.

Siku ya kwanza mimi na Baba Mdogo tulipanda hadi ukingoni. Wakati wa mchana, wanyama wamelala, nikachukua darubini nikaangalia kambi kule chini, basi tu, kupitisha muda. Nikamwona Baba. Amekaa kwenye jiwe lako bapa. Kibunduki kiko mapajani. Na alikuwa anaongea. Mdomo unakwenda, mkono unaonyesha kichakani, halafu anageuza uso upande wa kushoto, pale alipokuwa anakaa yeye wakati wewe unalenga, kama anayesubiri ajibiwe. Pale hapakuwa na mtu. Hata punda alikuwa amempa mgongo.

Nilimpa Baba Mdogo darubini, kisha nikamnyang'anya kabla hajatazama. Nilisema lenzi ina vumbi. Machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka kuyaeleza.

Siku hiyo kutwa nilikuwa napiga hesabu, hesabu ndogo ambayo hata mimi na kichwa changu cha vipuri niliiweza. Baba hawezi tena kupanda mlimani kujikomboa. Kwa hiyo kibunduki ni chake, na kambi ni yake, peke yake, mwaka ujao na ule mwingine kama ataufikia, huku mimi niko juu na darubini. Labda mtu mwingine akose.

Asubuhi iliyofuata akatokea tandala dume. Kaka, sijawahi kuona vile. Pembe zimejisokota hadi nikasahau kupumua. Akasimama kwenye mwanga, ametupa ubavu wote, ananusa upepo ambao haukuwa na habari zetu. Baba Mdogo alininong'oneza kwamba nikichelewa atanikana. Nikaweka kitako begani. Pembeni mwa yule mnyama, mkono wake wa kushoto, mbali vya kutosha, palikuwa na jiwe jeupe. Nililenga jiwe.

Vumbi liliruka. Tandala akapotea. Baba Mdogo alikaa chini, akavua kofia, akanitazama kama mtu aliyeibiwa. Kisha akaanza kucheka, na alicheka njia nzima ya kuteremka. Kufika kambini alikuwa ameshanibatiza Binti Hewa, akamhadithia Baba kila kitu, akaongeza na chumvi yake, kwamba mnyama alikuwa amesimama kama ng'ombe wa kukamuliwa na mimi nikapiga jiwe lisilo na hatia. Baba alimsikiliza. Aliuliza tu tandala alikuwa umbali gani, na jiwe lilikuwa upande gani. Kisha akaendelea kunyonyoa kanga.

Kesho yake asubuhi yule punda asiye na adabu alikuwa ametoroka, na Baba Mdogo akaenda kumtafuta huku akimtukana ukoo mzima. Nikabaki na Baba. Nilikuwa nasugua sufuria kwa mchanga. Bila kuinua uso, akaniambia kwamba mtu anayekosa kweli hukosa kwa kidogo. Mkono hutetemeka, risasi ikapita juu ya mgongo au chini ya tumbo, na mara nyingi humjeruhi mnyama, akaenda kufa kwa mateso. Anayekosa mbali, safi, mnyama asiguswe hata unywele, huyo alikuwa na shabaha nyingine. Nikajifanya sielewi. Ndipo akasema, kwa sauti ileile ya kuomba apewe kisu, kwamba yeye alikuwa akilichagua jiwe lake mapema, akiwa bado anapanda, na siku zote upande wa kushoto.

Kaka, sufuria ilinitoka mkononi.

Alikosa mara moja tu. Ule mwaka wa kwanza, jua likiwa usoni. Iliyobaki yote, miaka yote ya Bwana Hewa, alikuwa anapiga mawe. Nilimuuliza kwa nini, kama vile sikuwa nimefanya hivyohivyo jana yake. Akasema kwamba ile adhabu ya kwanza aliipokea kwa uchungu, lakini alipokaa na wewe kambini, siku ya pili akagundua hakuwahi kujua kwamba mwanawe anaongea kiasi kile. Nyumbani ulikuwa kimya, ukijificha na mguu wako. Kwenye lile jiwe ulikuwa husimami, humkimbii mtu, na hakuna aliyekushinda, na maneno yakakutoka kama maji. Ulimweleza kuhusu saa, jinsi gurudumu dogo linavyoshika kubwa. Yeye ni wa mbao, hakuelewa nusu yake, lakini alitaka kusikia nusu iliyobaki. Akasema tandala wapo kila mwaka, na kwamba yeye alikuwa akiingia porini kwa ajili ya wewe na kile kibunduki. Tandala walikuwa ruhusa yake tu ya kwenda, na hata ulipoondoka aliendelea kukosa, ili siku ukirudi umkute kambini.

Nikamuuliza kwa hasira, maana hasira ilinipanda kweli, kwa nini basi hakukwambia asubuhi ile ulipomsema mbele ya watu. Akasema kwamba wewe tayari ulikuwa unajiona mzigo. Kama angekwambia kwamba jina lake lilichafuka kwa ajili yako, ungejitwisha na hilo pia, na usingekubali tena kukaa naye. Aliona ni afadhali umdharau kidogo kuliko ujichukie.

Alinikataza nisikwambie. Mimi sikuahidi. Nilikohoa tu, yeye akachukulia kwamba nimekubali, na hilo ni kosa lake.

Kwa hiyo sasa unajua. Hicho kibunduki hakikumdhalilisha mtu. Kilimpa Baba alichokuwa anakitaka, na mzee aliona kuitwa Bwana Hewa ni gharama ndogo. Hivi ninavyokuandikia, mwaka ujao mimi ndiye mbebaji, kwa mujibu wa sheria ya Baba Mdogo, nami nitabaki kambini na Baba. Lakini tusidanganyane. Mimi kwa kanga ni bure kabisa. Mwaka huu nilijaribu mara moja, nikapiga sahani ya bati. Mkinitegemea mimi, tutakula wali mkavu. Na pale kwenye jiwe Baba atakuwa ananionyesha kichaka, huku akitazama pengine.

Kuna jambo dogo limebaki. Kile kitako kifupi kilipasuka njiani tukirudi, punda alikilalia. Baba tangu tufike yuko karakana anachonga kipya, kutoka kile kipande cha mbao nyekundu alichokuwa akikihifadhi juu ya kabati na kutukataza kukigusa. Amekichonga chote, amekipiga msasa, amekipaka mafuta, kinateleza. Ila urefu hajaukata. Kila nikimuuliza anasema mbao inahitaji kutulia. Jana nilimwona ameshika msumeno, akakipima kwa mkono wangu, akatikisa kichwa, akauweka msumeno chini. Anajua mkono anaopaswa kuupima siyo huu.

Mama anasema nifunge barua, taa inakula mafuta. Anakusalimu tena, na amesema ukija uje na njaa. Baba Mdogo anakusalimu pia. Hajui lolote katika haya, na ukimwambia atajiona ndiye aliyewaunganisha, hatutalala. Baba hajui nakuandikia, lakini kama angejua angekusalimu na kuuliza kama kibanda chako kinavuja.

Usinijibu kwa maneno mengi, nakujua, utaandika kurasa nzima za kujieleza na mimi sina muda. Chukua uzi. Kunja mkono wako wa kulia, pima kutoka pale kiwiko kinapokunjika hadi ncha ya kidole cha shahada, kata, utie kwenye bahasha. Nitampelekea karakana, niuweke juu ya mbao, nitoke nje nimwache nao.

Ni mimi mdogo wako,
Kiroboto